Doa la buluu chini ya bawa la kushoto

Doa lilikuwa la buluu, upana wa kiganja, chini ya bawa la kushoto karibu na kiwiliwili. Aliyewahi kushika avgasi ya 100LL, petroli ya ndege ndogo, haikosei rangi hiyo: petroli hukauka ikapotea, rangi ikabaki juu ya aluminiamu kama chaki iliyolowa. Tulikuwa uwanja wa ndege wa Kajjansi, Uganda, kando ya barabara ya Entebbe, mvua za Machi zimeshaanza. Ndege ilikuwa ya viti viwili, mwenyewe ameiunda kwa mikono yake kwa miaka kadhaa, na jana yake ndiyo ilijazwa mafuta kwa mara ya kwanza, lita 80 kila bawa.

Tulikuwa watatu: mwenye ndege, mimi, na fundi mwenzangu wa Arua. Mimi na fundi tulisomea Soroti, kwenye chuo cha anga kilichoanzishwa 1971 enzi za Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki, na Kiswahili ndicho tulichozoea kufanyia kazi tangu huko.

Mwenye ndege alikuwa tayari ameshika tyubu ya gundi, anataka kupaka kwa nje palipo na doa. Fundi akamzuia: "Mzee, hapo ndipo mafuta yanapodondokea. Yanapotokea ni kwingine." Na ni kweli. Petroli ikipenya huambaa kwenye mstari wa ribiti, zile pini zinazounga mabati ya bawa, hata nusu mita kabla ya kupata pa kudondokea. Halafu gundi ya nje inasukumwa na mafuta yaliyo nyuma yake, inabanduka taratibu. Gundi ya tangi hukaa upande wa mafuta, ili uzito wa mafuta wenyewe uikandamize.

Tukamwaga mafuta yote kwenye mitungi ya chuma, waya wa ethi wa kuzuia cheche ukiwa umeunganisha ndege na mtungi, simu zote zimeachwa nje. Tangi tupu ni la hatari kuliko lililojaa, kwa sababu lina mvuke. Tuliliacha wazi siku mbili, milango ya hanga imefunguliwa, kabla ya kulitoa bawani.

Tulipofungua chujio la mafuta tukakuta uzi mweupe, mrefu kama ukucha, umejikunja kwenye wavu. Fundi aliuinua kwa ncha ya bisibisi akauweka kwenye karatasi. Ulikuwa utepe wa Teflon, ule wa mafundi bomba. Kwenye bomba la maji hauna neno. Kwenye mafuta ya ndege ni marufuku: kipande kikikatika husafiri hadi kwenye kabureta na kuziba tundu lenye upana wa sindano. Uzi ule ulinitia hofu kuliko doa lenyewe.

Upimaji tuliufanya kwa hewa, lakini si kwa kompresa. Ukuta wa nyuma wa tangi lile ulikuwa na urefu wa mita 1.2 na kimo cha sentimita 20. Shinikizo la psi 1 tu, yaani ratili moja kwa kila inchi ya mraba, linausukuma kwa nguvu ya karibu kilo 170. Kompresa ingelipasua kabla hujaachia kitufe. Tulitumia pampu ya baiskeli, na kwenye tundu la hewa la tangi tukachomeka mpira mwangavu uliokunjwa umbo la U, wenye maji ndani. Tofauti ya sentimita 70 kati ya pande mbili za maji ndiyo psi 1. Sisi tuliishia 50. Shinikizo likizidi, maji yanaruka nje na tangi linabaki salama.

Mchana ule maji yalisimama vizuri. Alasiri mvua ikashuka, bati la hanga likapoa, na tofauti ya maji ikapungua kwa sentimita 12. Mwenye ndege alikata tamaa kabisa, akakaa kwenye ndoo. Kumbe ni hewa tu: ndani ya tangi lililofungwa, digrii moja ya joto hubadilisha kipimo kwa takriban sentimita 3 za maji, na kipimajoto kilikuwa kimeshuka digrii 4. Hivyo kuangalia maji peke yake hakutoshi. Tukapaka povu la sabuni ya vyombo kwenye kila ribiti, kila nati na kila skrubu, tukaangalia kwa tochi, pole pole.

Mapovu yalitoka sehemu mbili. Kwanza, kwenye kiwiko cha kutolea mafuta, kile kiungo kilichopinda, chenye thredi za NPT za robo inchi. Thredi hizo ni za mchongoko, nyembamba kuelekea nchani. Hukaza kadiri zinavyoingia. Aliyekifunga alikaza, akakuta kiwiko kinaelekea kubaya, akakirudisha nyuma robo mzunguko ili kilingane na bomba. Thredi ya mchongoko ikishakazwa hairudishwi. Ukiirudisha, ule mbano umeisha, na utepe hauwezi kuokoa kitu.

Pili, skrubu mbili kati ya tano zinazoshika kipimo cha mafuta, kile chenye boya. Chini ya bamba lake kulikuwa na gasketi ya koki imewekwa kavu, na gundi imepakwa juu juu kuzunguka ukingo. Fundi aliingiza ukucha chini ya ile gundi, ikatoka yote kwa mkupuo mmoja kama ganda la ndizi. Upande uliogusa chuma ulikuwa unang'aa. Gundi ikibanduka hivyo ujue haikushika hata siku moja: ilipakwa juu ya mafuta ya mkono.

Basi kazi yenyewe ikawa usafi. Tulisuuza sabuni yote kwa maji safi, maana nayo inazuia gundi kushika. Tukakwangua gundi ya zamani kwa kipande cha plastiki kigumu, chuma kisichanike. Tukasugua aluminiamu kwa pedi nyekundu hadi mng'ao uishe. Kisha MEK, kiyeyusho cha kuondoa mafuta na uchafu, kwenye kitambaa cheupe cha pamba, na hapa ndipo wengi hukosea: wanapaka halafu wanaacha kikauke chenyewe. Kikikauka hivyo, uchafu uliokuwa umeyeyuka unarudi pale pale. Unafuta kwa kitambaa cha pili kikavu, papo hapo, na unarudia mpaka kitambaa kitoke cheupe. Sisi tulitumia vitambaa kumi na kimoja kwa bamba lile dogo.

Gundi ilikuwa polisulfaidi, ile ya kuzibia matangi, ya aina B-2. Herufi B ni nzito, ya kujazia pembe na viungo. A ni nyepesi, ya kupaka kwa brashi. Namba ni saa za kufanyia kazi kwenye nyuzi 25. Chini ya bati kulikuwa na nyuzi 31, na kwa kuwa kila digrii 10 hukata muda kwa nusu, tulihesabu saa moja na robo. Gundi hiyo huja sehemu mbili za kuchanganya: tulipima gramu 40 za nyeupe na gramu 4 za nyeusi kwenye mizani ndogo. Kipimo ni uzito. Ukikadiria kwa macho umeharibu. Tukakoroga kwenye kadi bapa bila kupiga hewa, hadi mistari yote ikapotea. Tone moja tulilibandika kwenye karatasi pembeni. Hilo ndilo unalobonyeza kwa ukucha siku zinazofuata, badala ya kugusa kazi.

Gasketi ya koki tuliitupa. Tuliweka mstari wa gundi pande zote mbili za bamba, tukachovya thredi za kila skrubu na kupaka chini ya kichwa chake, tukakaza skrubu moja kisha ya upande wa pili hadi gundi ikajitokeza ukingo mzima bila pengo. Kwa kuwa gundi haipitishi umeme, tulikiongezea kipimo waya wake wa ethi, la sivyo geji ingesoma uongo.

Kiwiko kilipata mafuta mazito ya kuzibia thredi yasiyoyeyuka kwenye petroli, thredi mbili za mwanzo zikiachwa tupu. Mkono kwanza, halafu spana, mbele tu, hadi kikaelekea bomba. Kwenye nati ya bomba hatukupaka kitu. Pale muhuri ni mdomo wa bomba wenyewe, uliotanuliwa kwa pembe ya nyuzi 37. Fundi aliukagua kwa geji, maana chombo cha mafundi friji hutoa 45, na hiyo haikai.

Tukasubiri siku saba. Tulipopima tena kwa hewa na povu, halikutoka hata povu moja. Tukalirudisha tangi, tukatia lita 20, tukatandaza karatasi nyeupe chini ya bawa. Asubuhi karatasi ilikuwa kavu. Tukajaza hadi juu, tukabadilisha karatasi, na kwa siku tatu mwenye ndege alikuja kila alfajiri, akapiga magoti kwenye saruji, akazungusha tochi, akapitisha kidole kwenye mstari wa ribiti na kukinusa.