Kigombe, nikifuata jarife

Gari la Pangani lilitoka Tanga mjini limejaa hadi mlangoni. Nikashuka Kigombe, nikakata njia ya minazi hadi pwani, ambako ngalawa zilikuwa zimeshaanza kurudi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Umefuata silikanti?"

Kila mgeni huletwa na huyo. Samaki aliyedhaniwa ametoweka zama za dinosaria, hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Hapa Tanga alianza kunaswa mara kwa mara kuanzia 2004, na mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari yenye jina lake. Nikamwambia babu nimefuata papa. Akacheka sana.

Lakini ni jarife, nyavu za macho mapana za kutegea papa, zilizomleta silikanti juu. Papa wa karibu walikwisha, babu anasema, wakazidi kushusha nyavu kwenye kina. Kwangu mimi hiyo ndiyo habari kubwa kuliko silikanti mwenyewe, ila haina kibao barabarani.

Mchangani walilazwa taa wawili, wale samaki bapa wa ukoo wa papa, pungu mmoja wa jamii yao, na papa nyundo wadogo, hawajafika urefu wa mkono wangu. Mama mmoja alikwishawanunua, anawapasua na kuwatia chumvi. Dagaa hutaga mayai kwa maelfu. Papa nyundo hubeba mimba karibu mwaka mzima, akazaa watoto ambao watahitaji miaka mingi kabla ya kuzaa wao. Wale wa mchangani hawakuwa na hata mwaka. Tangu 2013 nchi wanachama wa CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, zilikubaliana kudhibiti biashara ya kimataifa ya papa nyundo, jambo jema, ila linahusu mapezi na nyama vinavyovuka mpaka. Papa wa chumvi anayeishia kwenye mchuzi wa nazi hapo Ngamiani, Tanga mjini, halimgusi.

Babu alinieleza walivyokuwa wakiyeyusha maini ya papa kupata sifa, mafuta ya kupaka vyombo vya baharini. Harufu yake, alisema, ilikutangulia nyumbani. (Sikusikitika kuikosa.)

Nikamuuliza kama hawawezi kuwaachia walio hai. Taa inawezekana, alisema. Ukiinua wavu mapema humkuta bado anapumua, kwa kuwa hata akilala chini husukuma maji kupitia matundu nyuma ya macho. "Nyundo hapana. Ukiwahi, ukichelewa, amekufa." Na kweli, nyundo lazima aogelee ili apumue, na akinaswa hafi kwa taratibu. Basi kwake kuachia si dawa. Dawa ni kutotega kabisa anapozalia.

Nikamwambia hivyo.

"Fungeni," akasema, akiendelea kuziba tundu la wavu. "Lakini mnionyeshe pa kutega. Huko nje ni kwa wenye mashine, na mimi nina tanga."