Jinsi nilivyoondoa mngurumo kwenye amplifaya ya LM386

Amplifaya yangu ndogo ya LM386 ilipiga muziki safi kwa betri ya volti 9, lakini nikiichomeka kwenye adapta ya umeme inanguruma mfululizo, hata sauti ikishushwa kabisa. Hapo ndipo nilipopata mwanga: kelele haikutoka kwenye simu iliyokuwa ikipiga muziki, ilipitia kwenye umeme wenyewe.

Nikauangalia mguu wa 7 wa LM386, ile IC (chipu) inayokuza sauti; mguu huo ni wa kuchuja kelele za umeme. Michoro mingi rahisi huuacha wazi, na kwa betri haina neno. Nikaunga kapasita ya maikrofaradi 10 kutoka mguu huo hadi hasi, upande wenye mstari ukiwa hasi. Mngurumo ukapungua mno. Kisha nikaweka ya maikrofaradi 470, volti 16, kati ya mguu wa 6 (chanya ya umeme) na wa 4 (hasi), karibu kabisa na IC, maana waya mrefu hupunguza kazi yake. Kimya!

Kukabaki mlio mwembamba sauti ikipandishwa. Rezista ya ohmu 10 (kahawia, nyeusi, nyeusi) ikifuatana na kapasita ya nanofaradi 47, kutoka mguu wa 5 (unaotoa sauti kwenda spika) hadi hasi, ikaumaliza.

Vifaa vyote nilivichomoa kwenye bodi za redio mbovu. Ukifanya hivyo, kapasita iliyovimba kichwa usiitumie.