Sekunde 5 zilivyonidanganya kuhusu gridi

Mchoro wangu wa kwanza niliupenda mno. Nilikuwa naandaa tasnifu ya uzamili, nikaanza na mfumo wa majaribio ambao kila anayesoma uthabiti wa gridi hukutana nao: majenereta manne ya MVA 900 (kipimo cha uwezo wa jenereta) kila moja, mawili huku na mawili kule, yameunganishwa na laini mbili za kilovoti 230 zenye urefu wa kilomita 220. Megawati 400 hivi zinatoka eneo la kwanza kwenda la pili. Nikaupiga mfumo kofi dogo, yaani nikapandisha kidogo volteji rejea (ile inayolengwa) ya jenereta moja kisha nikairudisha, nikaendesha programu ya kuuigiza kwenye kompyuta kwa sekunde 5. Rota, yaani sehemu za majenereta zinazozunguka, zikacheza, zikaonekana kutulia. Nikampelekea msimamizi wangu kifua mbele.

Akauliza tu, "Myumbo mmoja unachukua muda gani?"

Nilikuwa sijapima.

Nikarudi kwenye milinganyo, nikaifanya iwe ya mstari kuzunguka hali ya kawaida ya mfumo, nikatafuta thamani aigeni, yaani namba zinazoonyesha kila myumbo una kasi gani na kama unakua au unakufa. Jibu la kwanza: maeneo mawili yanayumbishana kwa hezi 1.8, yaani mara 1.8 kwa sekunde. Hapo nilikwama siku tatu, maana myumbo wa eneo kwa eneo kwa kawaida huwa chini ya hezi 1. Kosa lilikuwa la aibu. Inesha ya majenereta, yaani ugumu wa rota kubadilisha mwendo wake, ilitolewa kwa msingi wa MVA 900, mimi mtandao wote nimeuweka kwenye MVA 100 na sikuizidisha kwa 9. Rota zangu zilikuwa nyepesi mara tisa, kwa hiyo zikacheza haraka mara tatu.

Baada ya kurekebisha nikapata hezi 0.61, na sehemu halisi ya thamani aigeni, ile inayoonyesha kukua au kufa, ya +0.031. Alama ile ya kujumlisha ndiyo iliyonitoa jasho. Maana yake myumbo haufi, unakua, na unajirudufu kila baada ya sekunde 22 hivi. Katika sekunde zangu 5 kulikuwa na miyumbo mitatu tu, na miyumbo ya ndani ya kila eneo, ambayo kweli ilikuwa inakufa, iliuficha. Nikaendesha upya kwa sekunde 60. Majenereta 1 na 2 yalikuwa yanavutana na 3 na 4, kila mzunguko kwa nguvu zaidi.

Tarehe 10 Agosti 1996 gridi ya magharibi mwa Amerika Kaskazini ilivunjika kwa myumbo wa aina hii, wa karibu hezi 0.25, na wateja wapatao milioni 7.5 wakakosa umeme. Wahandisi walipoliigiza tukio hilo kwenye kompyuta kwa modeli walizokuwa nazo, myumbo ulififia vizuri. Nilijiona nina wenzangu.

Mkosaji kwangu alikuwa eksaita yenye kasi, kifaa kinacholisha rota mkondo ili kudhibiti volteji. Inalinda volteji vizuri, ila mkondo wa rota huchelewa kuifuata. Ni kama mabaharia wanaokimbilia upande wa juu wa ngalawa, wakafika wakati upande huo ndio unaoshuka. Dawa ni kidhibiti kinachosoma kasi ya rota na kuitangulizia eksaita ishara ili kufidia ucheleweshaji huo. Jaribio langu la kwanza niliongeza nguvu ya ishara bila kurekebisha muda wake, mambo yakaharibika zaidi. Ikabidi nipime ucheleweshaji kutoka eksaita hadi kwenye rota kwa hezi 0.6 hasa, ndipo nikapanga kiasi cha kuitanguliza.

Sehemu halisi ikashuka hadi -0.501. Sasa myumbo unapoteza nusu yake ndani ya sekunde 1.4, kabla hata mzunguko mmoja haujaisha. Nikarudi kwa msimamizi na mchoro wa sekunde 60. Akautazama, akatikisa kichwa kukubali, akanirudishia karatasi.

"Haya. Sasa kata laini moja, uendeshe tena."