Na dawa ya hiyo dawa?

Mgomo umeisha, Akinyi ameitwa kazini Eldoret, nyumba nzima inaimba. Mimi kichwani bado niko kwenye benchi la kliniki na mama mmoja wa Bondo.

"Sista, mzee halali. Usiku kucha anahesabu pesa tusizokuwa nazo. Anataka kununua ng'ombe wote wa jirani."

"Ni dawa, mama. Si yeye."

"Na dawa ya hiyo dawa?"

Hakuuliza kwa hasira. Angefoka ningeshasahau.

Mzee yuko kwenye CHOP, mchanganyiko wa dawa za limfoma, saratani ya tezi. Prednisoloni miligramu 100 kwa siku, siku 5, kila mzunguko wa siku 21. Kwa vidonge vya miligramu 5 ni vidonge 20, na nyumbani walivigawa: 10 asubuhi, 10 usiku, kwa kuhurumia tumbo. Hivyo vya usiku ndivyo vinavyofukuza usingizi. Vyote humezwa asubuhi, mtu akishakula. Lakini hata ukipanga saa vizuri, dozi yenyewe ni kubwa: utafiti wa Boston wa 1972 ulikuta matatizo ya akili kwa 1.3% ya waliotumia prednisoni, ndugu wa prednisoloni, isiyozidi miligramu 40 kwa siku, na 18.4% ya waliopita 80. Jirani anasema ni chira, laana ya kuvunja mwiko. Chira gani inayofuata miligramu?

Na kuacha ghafla katikati haifai, kwa sababu prednisoloni yenyewe inaua seli za limfoma.

Basi jibu lipo, mama: olanzapini kidogo usiku, dawa ya kutuliza akili, daktari akikubali. Inaleta usingizi, inashusha ule moto wa kichwa, na juu ya hayo inatuliza kichefuchefu. Vidonge vikiisha siku ya tano, mjiandae kwa kinyume chake, uchovu na huzuni ya siku chache.

Kinachonichemsha ni Plasil. Mgonjwa anadungwa hiyo ya kuzuia kutapika, kisha hawezi kukaa, anakanyaga-kanyaga, na mtu anaandika "fujo" halafu anaagiza haloperidoli, dawa ya akili inayoziba dopamini, kemikali ya ubongo, ileile iliyozibwa na Plasil. Anazidi! Muulize tu kama ni mawazo yanayokimbia au ni miguu. Wa miguu atakuomba umsaidie. Mzee wa ng'ombe alijiona mzima kabisa.

Ijumaa mama alipiga simu. Mzee amelala mpaka kukapambazuka, ameamka anadai uji.

Tatizo sasa ni tangi letu la maji nyumbani, limepasuka chini kabisa, na fundi wa Nyalenda hashiki simu.