Kikoi Usiku wa Mtakatifu Andrea

Edinburgh nilikuwa na kikoi kimoja tu, na hicho nilikuwa nikikilalia.

Nasema mapema kwa sababu Mzanzibari yeyote akisikia kwamba nilikwenda kwenye shughuli ya watu, ngoma ya sikukuu ya Mtakatifu Andrea, na kikoi kiunoni na kofia ya kiua kichwani, atashika tama. Kwetu kikoi ni cha barazani, cha kutoka mara moja kununua mkate, cha kulalia. Shughuli ni kanzu. Kanzu yangu ilikuwa Michenzani kabatini kwa mama, maana nilipofunga sanduku mwaka 2013 kila mtu alinitisha na baridi ya Scotland, nikajaza masweta. Lakini Bibi alikwishatoa amri: kila anayekuja na avae vazi la kwao. Nilipomwambia sina, akanyoosha kidole kwenye hita nilipokianika kikoi.

"Na ile je?"

Nikamweleza kuwa ni nguo ya wanaume, ya kujifunga kiunoni. Akapiga makofi. "Kumbe na nyinyi mna kilti!" Kilti ni ile sketi ya wanaume wa Scotland. Maneno yakaishia hapo.

Bibi alikuwa mama mwenye nyumba wangu kule Leith, upande wa bandarini, mjane wa miaka sabini na kitu. Watu wote walimwita kwa jina lake tupu, hata watoto wa jirani. Ulimi wangu ulikataa. Miezi ya mwanzo sikumwita kitu. Nilikuwa nakohoa nikiingia jikoni ajue nipo. Siku moja likanitoka "Bibi". Akauliza maana, nikamwambia ni mama wa mama, au mama wa baba, au mtu mzima yeyote wa kike unayemheshimu. Akafikiri kidogo, akasema hilo atalichukua.

Alikuwa na binti London na mtoto wa kiume Glasgow, na huyu wa Glasgow ndiye aliyekuwa hazungumzi naye.

Mwaka ulikuwa 2014. Tarehe 18 Septemba watu wa Scotland walipiga kura kuamua kama nchi yao itoke kwenye muungano wa miaka 307. Waliotaka kutoka walibandika madirishani neno moja, "Ndiyo". Waliokataa walibandika "Hapana, Asante", na mimi niliona ni adabu ya hali ya juu, kama mtu anayekataa kikombe cha pili cha chai. Dirisha la Bibi lilikuwa la Hapana, Asante. Gari la mwanawe lilikuwa na Ndiyo mbili, mbele na nyuma. Hapana ikashinda kwa asilimia 55 dhidi ya 45. Edinburgh ilikataa, Glasgow ilikubali, kwa hivyo mama na mwana kila mmoja alikuwa na mji mzima nyuma yake. Asubuhi ya matokeo walizungumza kwa simu. Upande wa Bibi niliusikia mpaka chumbani kwangu ghorofa ya juu. Tangu siku hiyo simu haikupigwa tena.

Na mimi nilikuwemo. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola waliokuwa wakiishi Scotland kwa kibali waliruhusiwa kujiandikisha, basi mimi mwanafunzi wa mwaka wa pili nikapata kura ambayo binti wa Bibi, mzaliwa wa Leith, aliikosa kwa kuwa anaishi London. Hilo lilimuuma dada yule, na sikumlaumu. Nilikwenda kituoni nimejiandaa kwa foleni ya kuanzia alfajiri na askari kila pembe. Nikakuta kimya, na penseli imefungwa kwa kamba. Penseli! Wala hakuna aliyenichovya kidole kwenye wino. Nilitoka nakitazama kidole changu kisafi kama nimeibiwa kitu. Bibi aliniuliza nimepiga ipi. Mwanawe alinitumia ujumbe kuniuliza nimepiga ipi. Wote niliwajibu kwamba kura ni siri, jibu ambalo kwetu Unguja tunalijua tangu utotoni kwa sababu zetu wenyewe.

Sikukuu yenyewe ya Mtakatifu Andrea, mtakatifu mlezi wa Scotland, ni tarehe 30 Novemba, ila mwaka ule iliangukia Jumapili, ngoma ikawekwa Jumamosi usiku. Mapumziko ya kisheria yalisogezwa Jumatatu. Nasema ya kisheria kwa sababu sheria yao ya 2007 inaitambua siku hiyo lakini haimlazimishi mwajiri kumpa mtu mapumziko, na wengi walikwenda kazini kama kawaida. Kwetu tarehe 12 Januari hata genge la nyanya hulipati wazi.

Wiki ile nilimuuliza Bibi habari za huyo mtakatifu. Andrea, ndugu yake Simoni Petro, mvuvi wa Galilaya, hakukanyaga Scotland maisha yake yote. Hadithi inasema mtawa mmoja, Regulus, aliibeba sehemu ya mifupa yake kwa meli mpaka pwani ya mashariki, mahali ambapo leo ni mji wa St Andrews. Hadithi nyingine inasema mwaka 832, huko Athelstaneford, mfalme Angus akiwa anakaribia kuingia vitani aliona mawingu meupe yamepishana kwenye anga la buluu kama msalaba aliosulubiwa Andrea, na bendera yao ikatokea hapo. Bibi alinisimulia haya yote huku anamenya viazi, halafu akamalizia kwamba kanisa lake haliombi watakatifu kabisa. Wazee wao waliyakomesha mambo hayo tangu 1560, na kanisa kuu la St Andrews likaachwa mpaka likawa gofu.

"Sasa mnasherehekea nini?" nikauliza.

"Bendera," akasema, kama nimeuliza swali la mtoto.

Sikumcheka. Mimi natoka kisiwa ambacho nusu ya watu watakuapia kwamba babu zao walikuja na majahazi saba kutoka Shirazi. Kama majahazi yanatufaa sisi, mifupa ya mvuvi ina kosa gani?

Basi Jumamosi ikafika. Jua lilizama kabla ya saa kumi alasiri, mambo ya Scotland hayo. Adhuhuri, alasiri na magharibi za Novemba zinafuatana kama abiria wa daladala. Nikavaa bukta kwanza, kikoi juu yake, soksi ndefu za sufu, sweta na kofia. Nikajitazama kwenye kioo na kumwomba Mungu asipatikane Mzanzibari mwingine Leith nzima.

Ukumbi ulikuwa wa kanisa, na vibendera vya buluu na nyeupe vimening'inizwa kutoka ukuta hadi ukuta. Niliposikia bendi inapima vyombo nikasimama mlangoni. Fidla na akodiani! Nimekua na sauti hizo mbili. Ongeza ganuni, umepata taarabu. Bibi akaniambia marehemu mumewe ndiye aliyekuwa akipiga akodiani pale miaka yote, na akapita haraka kwenda kuning'iniza koti lake.

Mwanawe alikuwa amekwishafika. Kumbe kila mwaka huja, na mwaka ule alikuja vilevile, amevaa kilti ya kijani na soksi kama zangu. Viti vya meza yetu vilikuwa vitatu. Bibi akakaa huku, kaka akakaa kule, na mimi katikati kama kiambaza.

Chakula kilikuwa haggis: moyo, ini na mapafu ya kondoo, vikasagwa na oti, nafaka kama shayiri, na vitunguu, vikapikwa ndani ya tumbo la kondoo mwenyewe. Mtu wa supu ya utumbo kama mimi hatishiki na habari hizo, tatizo lilikuwa mchinjaji. Nikachukua ile ya dengu na maharage iliyopikwa kwa watu wasiokula nyama, na kwa pilipili manga waliyoitia, nilihisi kuna mpishi jikoni ananielewa. Pembeni viazi vya kuponda na tanipu nazo zimepondwa. Wengine walishushia wiski, mimi soda yao ya rangi ya chungwa ambayo ladha yake mpaka leo sijui niilinganishe na nini.

"Mwambie anipe chumvi," Bibi akaniambia.

Kaka alikuwa umbali wa mkono mmoja. Nikamwambia. Akanipa chumvi, nikampa mama yake.

Akaanza kunihoji habari za kwetu, nadhani ili asilazimike kutazama upande wa pili. Nami kwanza nilikuwa na deni kwake: siku tuliyojuana nilimwita Mwingereza. Kiswahili kimenizoesha kuita wote Waingereza, na Kiingereza changu kikafuata nyayo; aliniangalia kama nimemtukania ukoo. Safari hii nilijichunga. Nikamwambia muungano wetu ulikuwa umetimiza miaka 50 mwaka uleule, na kwamba Bunge Maalumu la Katiba lilikuwa Dodoma kubishania serikali mbili au tatu, na kwetu pia kuna nyumba ambazo chumvi hupitia kwa mgeni. Akataka kujua Zanzibar ina nini. Rais wake, nikasema, Baraza la Wawakilishi, na bendera yake tangu 2005.

"Rais!" akasema. "Nyinyi mna rais, sisi hatuna."

"Nyinyi mna timu ya taifa inayotambuliwa na FIFA, sisi hatuna."

"Nipe rais wako nikupe timu."

Siku kumi na moja kabla yake, Scotland ilikuwa imefungwa na Uingereza mabao 3 kwa 1 palepale Glasgow. Upande wangu wa pili nikasikia Bibi anapaliwa na kicheko, akakimeza haraka.

Kisha ikaitwa ngoma ya Strip the Willow. Mama yangu aruke hapa. Wanaume husimama safu moja, wanawake safu ya pili, wakiangaliana. Jozi ya juu hushikana mikono na kuzunguka mpaka kichwa kizunguke pia. Halafu mwanamke huteremka safu ya wanaume: anamnasa wa kwanza kwa mkono wa kushoto, anazunguka naye, anarudi kwa mwenzake kwa mkono wa kulia, anamnasa wa pili, anarudi, mpaka mwisho wa safu. Hakuna kuruka mtu. Ukimruka mmoja safu nzima inavurugika na watu wanagongana.

Bibi alinichukua mimi. Mwanawe alikuwa wa nne.

Nilimwona amehesabu. Kwa wa kwanza na wa pili alikuwa anacheka. Alipotoka kwa wa tatu na kurudi mkononi mwangu, vidole vyake vilinibana. Nikamzungusha, nikamwachia. Kaka alikuwa amekwishatoa mkono, kiwiko kimekunjwa, macho chini. Akaupitisha mkono wake pale, wakazunguka. Ilipaswa iwe mzunguko mmoja. Wakazunguka mara mbili, na mimi nimesimama na mkono wangu hewani, na wa tano anasubiri.

Zamu yangu ya kuteremka safu ya wanawake ilipofika, nilikuwa bado nawafikiria wao wala sikufikiria fundo langu. Mama mmoja mnene, mwenye mkono wa mvuvi, alinizungusha mara moja tu, na kikoi kikaniambia kwaheri. Nilikidaka magotini. Bukta ikaonekana na ukumbi mzima. Watu ambao maisha yao yote wanaulizwa chini ya kilti wamevaa nini walishangilia kama bao la ushindi.

Nilikuwa nimejikunyata ukutani, nimeshika kikoi kwa mikono miwili, Bibi alipofika. Akanitazama, akageuka nyuma yake.

"Mpe pini yako," akasema.

Kaka akaichomoa ile pini kubwa ya kilti, yenye umbo la upanga na ua la miiba kwenye mpini. Akaniambia nisijali, haishikilii kitu, kazi yake ni kuipa nguo uzito tu isipeperuke. Yake ilikuwa imefungwa kwa mikanda. Bibi mwenyewe akanifunga, anavuta na kunung'unika, na kaka akishikilia ncha ya kitambaa.

Nikacheza mpaka mwisho, mpaka pale wote waliposhikana mikono kwa kuipishanisha kifuani na kuimba.

Nyumbani tulirudi kwa miguu, mimi na Bibi. Tulipokaribia mlango tukakuta gari limesimama. Kibandiko cha nyuma kilikuwa kimebanduliwa nusu, kimebaki herufi ya mwisho.

"Nimefuata pini yangu," kaka akasema.

"Pini tu?" Bibi akauliza. Halafu, "Ingia, unaniletea baridi."

Nikapanda juu kubadilisha. Niliposhuka na pini mkononi nikasikia sauti zimepanda jikoni. Birika lilikuwa mezani na vikombe vitatu, na wale wawili wanagombana: pauni ingebaki au isingebaki, mafuta ya Bahari ya Kaskazini ni ya nani, nani aliongopa Septemba. Bibi alikuwa anapiga meza kwa kijiko. Kaka akanigeukia, akataka nimwambie mama yake ukweli, nilipiga ipi.

Nikaiweka pini kando ya sukari, nikachukua kikombe changu, nikapanda kusali isha.