Mchuzi wa Nyama Uliokataa Kuwa Mzito

Nyama ya ng'ombe ilikuwa imeiva na viungo vimekolea, lakini mchuzi ulibaki majimaji kiasi kwamba ukiuteka kwa upawa ulichuruzika kama chai, huku mafuta yakielea juu. Unga wa ngano ungeufanya mzito haraka, ila sipendi ladha yake usipochemka vya kutosha, nao ukimwagwa mkavu kwenye mchuzi wa moto hufanya madonge, kwa sababu wanga wa nje huiva na kuufungia ndani unga mbichi. Kwa hiyo niliopoa nyama ili isivunjikevunjike, nikatoa viazi viwili vilivyokwisha kulainika humo, nikaviponda kwa mwiko pamoja na mchuzi kidogo hadi vikawa rojo laini, kisha nikairudisha rojo hiyo sufuriani. Niliacha sufuria bila kifuniko juu ya moto wa wastani ili mvuke utoke, nikikoroga hadi chini, maana wanga hushika upesi. Mchuzi ulipoanza kung'ang'ania mgongo wa kijiko, nilirudisha nyama, nikaonja chumvi, ambayo hukolea zaidi maji yanapopungua, nikaepua ukiwa bado mwepesi kidogo, kwani huzidi kuwa mzito unapopoa.