Saa tisa usiku

Mchana hofu ya kuzeeka hujificha nyuma ya shughuli. Hujitokeza usiku wa manane, aghalabu mnamo saa tisa, mtu anapozinduka na kuanza kupiga hesabu: imepita miaka mingapi, imebaki mingapi, nani atanitunza. Leo nataka kuitazama saa hiyo kwa karibu, maana wengi huiogopa bila kujua mwili unafanya nini.

Usingizi mzito huja zaidi katika saa za mwanzo. Kuelekea alfajiri huwa mwepesi, na kotisoli, homoni inayouandaa mwili kuamka, huanza kupanda. Umri nao hupunguza usingizi mzito hata kwa mwenye afya njema. Basi kuzinduka peke yake si ugonjwa. Kinachodhuru ni kubaki kitandani ukijisaili gizani, kwa sababu ubongo huzoea haraka kwamba kitanda ni mahali pa kuhangaikia. Zikipita kama dakika 20, ondoka, kaa kwenye mwanga hafifu, rudi macho yakiwa mazito. Saa igeuze ielekee ukutani.

Kesho yake uchovu huleta usahaulifu, na hapo hofu hupata ushahidi. Mtu amefika mlangoni, mkono uko kwenye kitasa, hakumbuki alichofuata chumbani. "Ndiyo imeanza," anajiambia, moyo ukimwenda mbio. Tangu hapo anajipima kila saa. Lakini sehemu ya akili inayoshika mambo ya papo hapo ni finyu. Hofu ikikaa humo, kingine hakipati nafasi. Akitajiwa jina la mgeni huku akijiuliza kama atalikumbuka, jina haliingii kabisa. Hakulisahau, hakulipata. Hili linanisikitisha kuliko mvi na makunyanzi: hofu ya uzee inamletea mtu mwenye afya kamili dalili anazoziogopa.

Kusahau ulipoweka funguo ni kawaida. Kushika funguo usijue ni za nini, kupotea njia uliyoizoea, au kuuliza swali lile lile mara kadhaa bila kujua umeshajibiwa, hayo yapelekwe kwa daktari mapema. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingoni iitwayo thairoidi ikizembea, sonona na baadhi ya dawa za usingizi huvuruga kumbukumbu, na yote hayo yanatibika au kurekebishika.

Hofu hufika hadi miguuni. Anayeogopa kuanguka hupunguza kutembea. Misuli isiyotumika hulegea. Mwishowe huanguka kweli. Anza na kiti kigumu kilichoegemezwa ukutani. Miguu iachane kwa upana wa mabega, mikono ikunjwe kifuani. Inuka ukihesabu mbili, keti ukihesabu nne. Fanya mara 8 hadi 10, pumzika dakika moja, rudia; siku 2 au 3 kwa wiki. Kosa la wengi ni kujibwaga kitini, ilhali kushuka taratibu ndiko kunakojenga paja. Ukishindwa bila kujishika, tumia kiti kirefu zaidi, au sukuma kidogo kwa mikono mpaka miguu ipate nguvu.

Mwaka 2002 mtafiti Becca Levy na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu 660 wa Ohio, Marekani, wenye miaka 50 na zaidi. Waliouona uzee wao kwa jicho jema waliishi takriban miaka 7.5 zaidi ya waliouona vibaya, hata baada ya kuzingatia afya, hali ya maisha na upweke. Sisemi mtu ajilazimishe kutabasamu. Hofu nyingine ni za haki na zinataka majibu.

Zitengee dakika 15 kila siku, saa ile ile, mbali na kitanda, ukiwa na karatasi na kalamu. Kila hofu igeuzwe swali lenye jibu. "Nitakuwa mzigo" halina pa kulishikia. "Shinikizo langu la damu lilipimwa mwisho lini?" au "Nani anajua nyaraka zangu zilipo?" unaweza kulishughulikia kesho asubuhi. Wengi huachia njiani kwa sababu huandika huzuni tupu, ukurasa baada ya ukurasa, bila hatua hata moja. Andika hatua, hata iwe ndogo kama kupiga simu, na siku ya kuifanya. Wazo likirudi saa tisa usiku, liandike kwa neno moja tu kwenye kikaratasi kando ya kitanda, liwekewe zamu yake ya kesho.